Kijiji kilichopisha vifaru na ahadi ya kurudi isiyokuwa na tarehe

Kisa hiki kinahusu kijiji kidogo katika pwani ya Dorset, kusini mwa Uingereza, ambacho karibu chote kilikuwa mali ya ukoo mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1943 wakazi walipewa takriban mwezi mmoja wahame ili jeshi lipate mahali pa kufanyia mazoezi ya vifaru. Waliondoka wakiamini kwamba vita vikiisha watarudi. Hakuna aliyerudi kuishi pale mpaka leo. Jina la kijiji, la ukoo uliokimiliki na la maofisa waliotia saini barua nimeyaacha. Miaka, idadi na mfuatano wa mambo ni kama yalivyotokea.

Nimekichambua kwa ajili ya wenzangu wanaoshughulika na ardhi na watu wanaotakiwa kuipisha: wathamini, wanasheria, maofisa wa halmashauri, viongozi wa vijiji. Tunapofundishana kuhusu uhamisho, mara nyingi tunaishia kwenye fidia, kama ilitosha au haikutosha. Hapa fidia ilikuwa ndogo kweli, nami nitaieleza. Lakini waliohama hawakulalamikia fidia zaidi ya yote. Walichouliza kwa miaka mingi ni kwamba waliahidiwa kurudi, basi ahadi ile waidai wapi?

Kijiji na milki yake

Kijiji kilikaa bondeni, kati ya vilima vya chokaa na bahari. Kulikuwa na kanisa la mawe lenye asili ya enzi za kati, nyumba ya kasisi, shule ya chumba kimoja, posta, safu ya nyumba ndogo za mawe na shamba kubwa lenye maghala yake. Ukiteremka mpaka kwenye ghuba ulikuta familia za wavuvi waliotega vibua. Juu kidogo, katikati ya miti, lilisimama jumba la mwenye milki. Uso wake ulijengwa karne ya 16, na nyuma yake kulikuwa na ukumbi wa zamani zaidi. Ukoo uliokuwa ukilikalia mwaka 1943 ulikuwa umeinunua milki hiyo mwaka 1683.

Msomaji ambaye hajaishi Uingereza anahitaji kuelewa jinsi milki ya namna hii inavyofanya kazi, maana kisa chote kinaegemea hapo. Ardhi, nyumba, maghala na njia, vyote ni vya mwenye milki. Mashamba hukodishwa kwa wakulima wapangaji. Nyumba ndogo hupangishwa kwa kodi ya wiki, au hutolewa pamoja na kazi: mchungaji wa kondoo, mtunza bustani na mfuaji wa nguo za jumba kubwa hupewa nyumba kwa kuwa wanafanya kazi pale, na kazi ikiisha nyumba inarudi kwa mwenyewe. Familia inaweza kuzaliwa, kuoana na kuzikana katika nyumba moja kwa vizazi vitatu, na kisheria ikabaki na haki ya wiki moja tu. Sisi tuliozoea kwamba aliyelima na kuzika wazee wake mahali ana neno la kusema juu ya mahali hapo, hata bila karatasi, tunapata shida kuliamini hili. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, makaburi ya babu hayakumpa mpangaji chochote.

Kijiji hakikuwa katika enzi zake nzuri. Watoto walipungua mpaka shule ikafungwa mwaka 1932, na waliobaki wakawa wanasafirishwa kwenda kusoma kwingine. Umeme haukuwa umefika. Kazi za mashambani zilikuwa zikipungua kila mwaka. Nayasema haya kwa sababu baadhi ya masimulizi hukipamba kijiji kama pepo, na hapo mchambuzi hupotea njia. Watu walikipenda pamoja na dhiki zake.

Jeshi nalo halikuwa geni. Chuo cha kufundishia wapiga mizinga wa vifaru kilikuwapo jirani tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, na mlio wa mizinga ulikuwa sauti ya kawaida ya bonde. Vita vya Pili vilipoanza, jumba kubwa lenyewe lilitwaliwa kwa matumizi ya jeshi la anga, na ukoo ukahamia nyumba ndogo ndani ya milki yao. Mwenye mali alikuwa amekwisha kuonja kuhamishwa kabla ya wapangaji wake.

Novemba 1943

Majeshi ya Washirika yalikuwa yakijiandaa kuvuka kuingia Ufaransa. Vifaru vipya vilikuwa na mizinga inayopiga mbali zaidi, na uwanja wa shabaha uliokuwapo haukutosha. Serikali ya Winston Churchill iliidhinisha kutwaliwa kwa ekari 7,500 za nyika na vilima kuzunguka kijiji.

Barua ziliandikwa tarehe 16 Novemba. Siku ya mwisho ya kuwa ndani ya eneo ilikuwa tarehe 19 Desemba. Waliohusika, ukijumlisha kijiji chenyewe na mashamba na vitongoji vilivyotawanyika, walikuwa watu 225. Barua ilisema kwa adabu kwamba serikali inasikitika kuwaondoa watu majumbani mwao kwa maslahi ya taifa, kwamba fidia italipwa, kwamba asiyepata pa kukaa atasaidiwa kutafutiwa, na kwamba inaamini wananchi watatoa mchango huu wa kushinda vita kwa moyo mwema.

Kuhusu kurudi, maelezo waliyopewa wakazi yaliwatuliza: kuondolewa hakukuwa na maana kwamba wamepoteza haki ya kukaa tena katika nyumba zao. Jeshi litakapokuwa halina haja tena na mahali pale, wataweza kurudi. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo ya mwisho, maana miaka iliyofuata yote iliamuliwa na sharti lililomo ndani yake.

Njia ya kisheria ilikuwa kanuni ya 51 ya kanuni za ulinzi za mwaka 1939, iliyoiwezesha serikali kuchukua ardhi yoyote na kuitumia kwa ajili ya vita. Serikali ilichukua matumizi, umiliki ukabaki kwa mwenyewe. Sheria ya fidia ya mwaka huohuo ilimpa mwenye ardhi malipo yanayofanana na kodi kwa muda wote wa matumizi, na malipo ya uharibifu mwishoni. Mpangaji wa wiki hakuwa na cha kukodisha, kwa hiyo hakukuwa na kodi ya kumlipa. Wapangaji wa nyumba ndogo walilipwa thamani ya mboga na mazao yaliyokuwa bustanini.

Wakulima walitakiwa kuhamisha mifugo, lishe na zana katikati ya majira ya baridi, siku chache kabla ya Krismasi. Wakati wa kuondoka, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa ikiwaomba wanajeshi walitunze kanisa pamoja na nyumba. Ilisema kwamba wenyeji wameacha nyumba ambazo wengi wao wameishi kwa vizazi ili kusaidia kushinda vita na watu wabaki huru, na kwamba siku moja watarudi na kuwashukuru kwa kukitendea kijiji wema.

Nani aliamua nini

Serikali iliamua kutwaa bonde zima badala ya vipande. Sababu ilikuwa ya kiufundi na naiona halali: kombora la kifaru likikosa shabaha huenda mbali na kupaa pembeni likigonga mwamba, hivyo eneo la hatari ni pana kuliko mahali palipolengwa. Usiri nao ulitakiwa. Kuhusu kutotaja tarehe ya kurudi, hakuna aliyejua mwaka 1943 vita vingeisha lini, na kutaja tarehe ya kalenda kungekuwa kusema uongo. Hata hivyo kulikuwa na njia ya kati. Tarehe inaweza kufungwa kwenye tukio, kwa mfano miezi sita baada ya mapigano ya Ulaya kwisha. Badala yake ilifungwa kwenye haja ya jeshi.

Mwenye milki aliamua kutii bila mvutano. Kwa hali ilivyokuwa hakuwa na njia ya kukataa, na kushindana na jeshi mahakamani katikati ya vita kungemshushia heshima mbele ya jirani zake. Lakini alikuwa mtu pekee katika bonde lile ambaye sauti yake ingefika kwa wakubwa na ambaye sheria ilimtambua. Angeweza kuomba masharti kwa maandishi kwa niaba ya wapangaji wake: orodha ya kaya, nyumba waliyokuwamo, na uhakika kwamba ardhi ikirudi nao wanarudi kwa kodi ileile. Kwa utaratibu wa milki za Kiingereza, aliyewajibika kwa watu wa kijiji alikuwa yeye. Simlaumu kwa kutii, lakini naona pengo hapo, na ni pengo linalojirudia kila mahali ambapo mtu mmoja anashika hati na mamia wanashika maisha.

Wapangaji nao waliamua kuondoka kwa amani, na hata kwa fahari. Nchi ilikuwa vitani kwa mwaka wa tano. Kudai maandishi katika hali ile kungeonekana kuwa ni kukosa uzalendo. Ndiyo maana ni wajibu wa anayetwaa kuandika hata asipoombwa.

Vita vimekwisha

Mei 1945 Ulaya ilinyamaza, na wenyeji wakangoja wito. Haukuja. Serikali mpya ya chama cha Labour, chini ya Clement Attlee, ilirithi uwanja uliokwisha kugharimiwa, pamoja na uhusiano na Urusi uliozidi kuharibika. Mwaka 1947 ilitoa waraka wa sera kuhusu ardhi ambayo majeshi yangehitaji kwa mafunzo wakati wa amani. Mwaka 1948 ulifanyika uchunguzi wa hadhara kuhusu bonde hili, wenyeji na watetezi wao wakasikilizwa, kisha uamuzi ukawa kwamba jeshi libaki na ardhi itwaliwe moja kwa moja kwa ununuzi wa lazima.

Zitazame sababu zilizotolewa. Fedha nyingi zilikuwa zimetumika kuandaa uwanja. Ardhi ilikuwa imejaa makombora ambayo hayajalipuka. Nyumba zilikuwa zimeharibika. Mizinga mipya ilihitaji nafasi kubwa zaidi, si ndogo. Kila moja ya sababu hizi, isipokuwa hiyo ya mwisho, ilizaliwa na ukaaji wenyewe wa jeshi. Kadiri lilivyokaa ndivyo lilivyotengeneza hoja za kuendelea kukaa, na kadiri wenyeji walivyokuwa wavumilivu ndivyo hoja yao ilivyodhoofika. Katika kisa chote sijaona jambo lenye funzo kubwa kuliko hili. Subira, ambayo kila mtu aliisifu, ilifanya kazi dhidi ya wenye subira.

Ununuzi wa lazima ulimlipa mwenye hati. Wapangaji hawakuwa na kitu cha kununuliwa. Wengi wao walipata nyumba za halmashauri karibu na mji mdogo wa jirani, zenye maji ya bomba na umeme. Kuna waliosema wazi, hasa vijana na akina mama waliokuwa wakichota maji, kwamba maisha yalikuwa mepesi kuliko bondeni. Ushuhuda huo nauweka hapa kwa makusudi. Mtu anaweza kupata nyumba bora kuliko aliyonyang'anywa na bado akawa amedhulumiwa, kwa sababu hakuulizwa kama anakubali kubadilishana.

Jumba kubwa

Jumba la mwenye milki liliachwa tupu. Mvua iliingia paani, na risasi za bunduki, wezi wa madini ya risasi yaliyoezekwa paani na miaka vikamalizia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilibomoa sehemu kubwa yake, na mawe bora, pamoja na baraza lake la mbele, yakapelekwa kwenye majumba mengine ya kihistoria ndani ya Dorset. Ukumbi wa zamani ulibaki gofu ndani ya eneo lililofungwa.

Tangu mwaka 1947 Uingereza ilikuwa na sheria ya kuorodhesha na kulinda majengo ya kihistoria, na mtu binafsi aliyebomoa jengo lililoorodheshwa bila kufuata utaratibu alikuwa na la kujibu. Mali ya Taji, yaani ya serikali yenyewe, haikufungwa na utaratibu huo. Kinga hiyo ilidumu mpaka mwaka 2006. Kwa hiyo mlinzi wa urithi na mwenye kuruhusiwa kuuacha uoze walikuwa serikali hiyohiyo. Ni kweli kwamba miaka ya 1950 majumba ya namna hii yalibomolewa kote Uingereza na wamiliki waliolemewa na kodi za mirathi na gharama za matengenezo. Mwaka 1974 makumbusho ya Victoria and Albert mjini London yalifanya maonyesho maalumu kuomboleza mamia ya majumba yaliyopotea. Pengine hata bila jeshi jumba hili lingeanguka. Lakini lingeanguka mikononi mwa watu waliokuwa na haki ya kuamua.

Kampeni na majibu yake

Mwaka 1968 kikundi cha wanaharakati kilianzishwa kudai bonde lifunguliwe. Kelele zake zilisaidia. Serikali iliunda kamati ya kupitia ardhi zote zilizoshikwa na majeshi, na ripoti yake ya mwaka 1973 ilipendekeza bonde liachiwe na mafunzo ya mizinga yahamishiwe Castlemartin, Wales. Mwaka 1974 serikali ilikataa. Gharama za kuhamisha zilikuwa kubwa, watu wa Wales hawakutaka kuongezewa mizinga, na miji ya jirani huku Dorset iliishi kwa mishahara ya jeshi. Wajukuu wa baadhi ya watu wa eneo hilo walikuwa sasa wakipata riziki palepale babu zao walipofukuzwa.

Kampeni nayo iligawanyika. Wapo waliotaka ardhi irudi kwa wenyewe, wengine wakataka iwe hifadhi ya umma. Mpaka wakati huo robo karne ilikuwa imepita, wapangaji wengi walikuwa wamezeeka au kufa, na anayedai kwa niaba yao alikuwa mara nyingi mtu asiyewahi kuishi bondeni. Sisemi hivyo kuwashusha. Bila wao hata njia za miguu zisingefunguliwa. Nasema tu kwamba dai la mpangaji lilizimika njiani, na lililofika mezani lilikuwa dai la mandhari.

Kilichopatikana ni ruhusa ya kutembea. Tangu katikati ya miaka ya 1970 umma huingia wikendi nyingi na siku za sikukuu, mizinga ikiwa imenyamaza, kwa kufuata njia zilizowekewa alama, kwa sababu nje ya alama makombora bado yapo ardhini. Nyumba ndogo ni kuta bila mapaa. Kanisa na shule vimekarabatiwa na vina maonyesho ya maisha ya waliokuwapo. Viumbe vimestawi ajabu, kwani ardhi hii haikupitiwa na dawa wala mbolea za kilimo cha baada ya vita, na pwani yake imo ndani ya eneo lililoingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Uchambuzi

Nianze na ahadi. Kwa miaka mingi mjadala ulikuwa kama Churchill mwenyewe aliahidi au hakuahidi, na watu wakatafuta saini yake. Naona huko ni kupotea. Hata angeahidi, maneno waliyopewa wenyeji yalikuwa na sharti, na mwenye ufunguo wa sharti alikuwa mwahidi. Mtu akikuambia atakurudishia shamba lako siku atakapokuwa halihitaji, amekueleza nia yake, hajakupa haki. Jeshi lingeweza kusema mwaka 1948, na linaweza kusema leo, kwamba halijavunja neno lolote, kwani haja haijaisha. Ndiyo sababu wenyeji walijihisi wamedanganywa bila kuweza kumwonyesha mtu uongo wenyewe uko katika mstari gani.

Ni rahisi kusema kwamba wakati wa vita hakuna namna nyingine. Ipo, na ilitumika mwezi uleule, kaunti ya jirani. Huko Devon, kuzunguka Slapton, watu karibu 3,000 walikuwa wamehamishwa kufikia mwisho wa Desemba 1943 ili wanajeshi wa Marekani wafanye mazoezi ya kutua pwani. Muda ulikuwa mfupi kama wa Dorset na adha ilikuwa ileile. Lakini kuanzia mwisho wa mwaka 1944 walirudi nyumbani, nyumba zikatengenezwa, na mwaka 1954 Wamarekani wakasimamisha mnara wa mawe ufukweni kuwashukuru. Tofauti naiona katika mambo mawili. Mazoezi yalikuwa ya operesheni moja yenye mwisho unaoonekana, na aliyeyafanya alikuwa mgeni ambaye naye alikuwa na safari ya kuondoka. Tena Devon ilikuwa na wamiliki wengi, vijiji kadhaa na mashamba yenye rutuba. Walikuwapo watu wengi wenye hati za kuuliza. Dorset aliyekuwa na hati ya kijiji alikuwa mmoja.

Upande wa pili wa mizani kuna Imber, katika Wiltshire. Pale Wizara ya Vita ilikuwa imekwisha kununua karibu ardhi yote kabla ya vita, wakazi wakawa wapangaji wa jeshi lenyewe. Mwisho wa mwaka 1943 waliondolewa, na hawakurudi. Huko Norfolk, vijiji vilivyohamishwa mwaka 1942 kupisha uwanja wa Stanford navyo havikurudi. Ukiviweka visa hivi pamoja, ukubwa wa ahadi hauelezi nani alirudi. Kinachoeleza zaidi ni mambo mawili: kama haja ya anayetwaa ina mwisho wake yenyewe, na ni wangapi kati ya wanaohamishwa ambao sheria inawaona.

Kuhusu fidia, makosa yalikuwa ya kipimo. Sheria ilipima mali, na mpangaji hakuwa na mali. Alichokuwa nacho ni kazi iliyofungamana na nyumba, jirani wa kumkopesha unga, mahali pake kanisani, ujuzi wa ghuba moja na samaki wake. Mvuvi anayehamishiwa nyumba ya halmashauri mbali na pwani amepoteza riziki hata kama bustani yake imelipwa mpaka kabichi ya mwisho. Siku hizi sheria nyingi, ikiwemo ya Tanzania, zinatambua usumbufu, usafiri na makazi ya muda kama vitu vya kulipiwa. Hatua hiyo ni kubwa, ingawa bado kipimo kinaanzia kwenye kinachoweza kuhesabiwa siku ya tathmini.

Yapo yaliyofanyika vizuri, nami sitaki yapotee. Kila kaya ilipata barua. Msaada wa makazi haukuwa maneno matupu, kwani nyumba zilijengwa na zilikuwa nzuri. Uchunguzi wa hadhara wa 1948, japo haukubadilisha uamuzi, uliacha kumbukumbu ambayo wanaharakati wa baadaye waliitumia. Kanisa lilitunzwa kama karatasi ilivyoomba. Na umma uliwekewa mipaka na alama zinazoeleweka kwenye ardhi yenye makombora.

Hilo la alama linatuhusu moja kwa moja. Jeshi hilohilo la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi nchini Kenya kwa miongo mingi, na mwaka 2002 Wizara yake ya Ulinzi ilikubali kulipa takriban pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 wa Dol Dol na Archers Post waliojeruhiwa, au kufiwa na ndugu, kwa makombora yaliyoachwa ardhini. Katika Dorset wafugaji walitolewa wote, kisha wageni wakaongozwa kwa alama hatua kwa hatua. Laikipia na Samburu wafugaji waliachwa wapite na mifugo palepale palipopigwa mizinga. Anayefuatilia mikataba ya mazoezi hayo angeuliza swali moja la ziada kwa kila uwanja: nani anasafisha, lini, na nani anathibitisha kwa maandishi kwamba pamekuwa salama?

Limebaki suala la dawa ambayo Uingereza yenyewe iliipata, tena kutoka kaunti hiihii. Mahali paitwapo Crichel Down, ekari 725 zilinunuliwa na Wizara ya Anga mwaka 1938 kwa mazoezi ya mabomu. Haja ilipokwisha, ardhi ilihamishiwa Wizara ya Kilimo badala ya kurudishwa. Familia ya wenye asili ilipigana, uchunguzi ukafanywa, na Julai 1954 waziri wa kilimo, Sir Thomas Dugdale, akajiuzulu. Matokeo yake ni kanuni zinazoitwa mpaka leo kwa jina la mahali hapo: idara ya serikali iliyotwaa ardhi kwa lazima, au kwa tishio la kuilazimisha, ikiona haiihitaji tena, humpa kwanza mwenye asili au warithi wake nafasi ya kuinunua kwa bei ya soko. Kanuni hizi husifiwa kama mfano wa haki, na kwa wengi zimekuwa hivyo.

Zipime kwa kijiji chetu. Zinaanza kufanya kazi pale tu serikali inapotamka kwamba ardhi ni ya ziada, na tamko hilo kuhusu bonde hili halijatolewa. Likitolewa kesho, barua itapelekwa kwa warithi wa ukoo wa jumba kubwa. Mjukuu wa mfuaji wa nguo, wa mchungaji wa kondoo au wa mvuvi wa vibua hana anwani katika kanuni hizo, na hata angekuwa nayo, angetakiwa kununua kwa bei ya soko nyumba ambayo babu yake alilipwa mboga kuiacha.